Tumekabidhi madarasa, tumeambulia kejeli: namna ya kusoma maoni ya watu kuhusu CSR (wajibu wa kampuni kwa jamii)

SWALI: Ninafanya kazi ya uhusiano na jamii katika kampuni ya uchimbaji mkoani Lindi. Mwezi uliopita tulikabidhi vyumba viwili vya madarasa kwa shule ya msingi jirani, tukaweka picha Facebook na Instagram. Zilikuja komenti zaidi ya mia tatu, nyingi za kejeli: "danganya toto", "hata gesi ilianza hivihivi", "ajira ziko wapi?", "lipeni ushuru muache kupiga picha". Bosi wangu anasema asante ya punda ni mateke, kwa hiyo tufunge sehemu ya maoni. Mimi nahisi kuna jambo hatujalielewa. Je, komenti hizi ndizo sauti ya wananchi kweli? Na tufanye nini?

JIBU: Dada yangu, msifunge sehemu ya maoni, na huyo punda wa bosi wako tumwache kwanza. Zirudie hizo komenti nne. Hakuna hata moja inayosema darasa ni baya. Ya kwanza inahoji nia yenu, ya pili inakumbusha ahadi za zamani, ya tatu inadai kazi, ya nne inauliza ushuru. Wenzenu wanazungumzia hesabu, ninyi mmewaonyesha zawadi. Ugomvi mwingi wa CSR huku kusini ukiuchambua unakuta jambo hilohilo: kampuni inasubiri kushukuriwa kwa ilichotoa wakati mwananchi bado anauliza anachodai.

Na ana sababu ya kuuliza. Mradi wa karanga wa wakoloni ulifika Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, ukaleta reli na bandari ya Mtwara. Ulivunjwa 1951, na reli ikang'olewa miaka ya 1960. Gesi ya Songo Songo kule Kilwa iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Ya Songo Songo ilianza kwenda Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Lilipokuja bomba la kutoka Mtwara, watu waliandamana Desemba 2012, na Mei 2013 zikazuka vurugu zilizogharimu maisha. Bomba likakamilika 2015. Mradi wa LNG (kugeuza gesi kuwa kimiminika) wa Likong'o, Lindi, nao unazungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo anayeandika "hata gesi ilianza hivihivi" hajakutukana wewe. Anakueleza umeingia kwenye foleni ya akina nani.

Ongeza korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani (mazao yanawekwa ghalani yauzwe kwa mnada) uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima wa Ruangwa, Tandahimba au Masasi anajua bei ya mnada, kisha anajua makato: ushuru wa halmashauri, wa chama kikuu cha ushirika, wa AMCOS (chama cha msingi cha wakulima), usafiri, ghala. Makato hayo anayahoji mezani kwa karani, shilingi kwa shilingi. Mtu aliyezoea kuuliza shilingi ishirini za kwenye kilo moja hawezi kuona hundi ya mfano yenye urefu wa mita nzima, watu wanane wameishika wanatabasamu, akakosa kuuliza: hii ni ngapi ya ngapi?

Hapa kampuni nyingi zinajikwaa kwa sababu zenyewe hazijatenganisha mafungu. Kwenu yapo matatu. La kwanza ni malipo ya lazima: mrabaha (malipo ya madini yanayochimbwa) na kodi zinazokwenda serikali kuu, ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri, na fidia za ardhi na mazao. La pili ni mpango wa CSR wenyewe, na huu kwa kampuni yenye leseni ya madini si hiari. Sheria ya Madini, kifungu cha 105, baada ya marekebisho ya 2017, inakutaka uandae mpango kila mwaka na kukubaliana na halmashauri kwa kufuata vipaumbele vya jamii ya eneo husika. Sheria ya Petroli ya 2015 ina sharti kama hilo kwa kampuni za gesi. Sheria hizo zinaipa pia halmashauri kazi ya kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Fungu la tatu ndilo hisani: madawati mliyochanga wafanyakazi, jezi za timu ya kata, futari ya Ramadhani.

Sasa rudi kwenye posti yenu. Kama madarasa yale yamo kwenye mpango mliosaini na halmashauri, halafu mkaandika "kampuni yetu kwa moyo wa upendo imeamua kurudisha kwa jamii", mmelivika fungu la pili nguo za fungu la tatu. Diwani anajua, mtendaji anajua, mwalimu mkuu anajua. Katika grupu la WhatsApp la kata, mmoja wao atalisema, na kuanzia hapo hata mliyotoa kwa hiari kweli yatahesabiwa uongo. Archie Carroll, msomi wa Marekani, alipanga majukumu ya kampuni mwaka 1991 katika ngazi nne: kupata faida, kutii sheria, kutenda haki, na juu kabisa kutoa misaada. Kampuni inayotangaza ngazi ya nne bila kusema chochote kuhusu ya pili inawafanya watu wadhani ya pili haipo.

Ushuru wa huduma ndio unaoleta kelele kubwa kuliko yote, na nao una hesabu rahisi. Kwa miaka mingi sheria ya fedha za serikali za mitaa imeweka kiwango kisichozidi asilimia 0.3 ya mauzo, bila VAT. Thibitisheni kiwango cha mwaka huu kwa mweka hazina. Kwa 0.3, kampuni iliyouza bidhaa za shilingi bilioni 10 inadaiwa milioni 30. Iliyouza za bilioni 40, milioni 120. Wananchi wengi hawajawahi kuonyeshwa hesabu hii, hivyo kila mtu ana yake kichwani: wengine wanaamini hamlipi kitu, wengine wanaamini mnalipa mabilioni yanayoliwa njiani. Mrabaha nao unakwenda Hazina moja kwa moja, na mtu wa kitongoji chenye shimo lenu hauoni kamwe.

Kuhusu kama komenti ni sauti ya wananchi: ni sauti ya baadhi yao, na ni lazima ujue ni baadhi gani. Jakob Nielsen alieleza mwaka 2006 uwiano ambao watafiti wa mtandao bado wanautumia kama makisio: katika watu 100 wanaoona mjadala, takriban 90 wanasoma tu, 9 wanachangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika sehemu kubwa ya yanayoonekana. Kabla yake, mwaka 1974, Mjerumani Elisabeth Noelle-Neumann alionyesha kwamba mtu anayehisi mawazo yake ni ya wachache hunyamaza, na ukimya wake huwafanya wengine wazidi kudhani wako peke yao. Kwenye ukurasa wenu mambo hayo mawili yanafanya kazi kwa pamoja: kejeli ishirini za mwanzo zikishapata alama za kupendwa, mama aliyefurahia darasa la mwanawe haandiki.

Halafu angalia nani hayupo kabisa. Wavuvi, wazee, wanawake wa vijiji ambavyo mtandao unashika ukipanda kilima, wenye simu za vitochi. Waliopo kwa wingi ni vijana wa mjini na wazaliwa wa Lindi na Mtwara wanaoishi Dar es Salaam. Kosa la haraka ni kusema "hao si wa huku, tuwapuuze". Hao ndio wanaotuma hela nyumbani, wanaopiga simu kumuuliza baba mkutano ulisemaje, na wanaorudi kudai shamba la ukoo likifika wakati wa fidia. Chukulia komenti kama orodha ya maswali, si kura. Zinakueleza watu wanauliza nini. Hazikuelezi ni wangapi wanaouliza.

Namna ya kuzisoma basi. Chukua posti zote za miezi sita zinazohusu misaada, nakili komenti zote kwenye jedwali la Excel, komenti moja mstari mmoja, pamoja na tarehe na posti yake. Majina ya watu yaache nje; hayakusaidii kitu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haipendi ukusanyaji usio na sababu. Kwa magrupu ya WhatsApp usichukue skrinishoti kimyakimya. Muombe admini, au andika tu aina ya maswali uliyoyaona bila maneno wala namba ya mtu. Zikiwa chini ya 500 zisome zote. Zikizidi, chukua sawasawa kutoka kila posti, usichukue zile za juu tu, kwa sababu Facebook inapandisha zenye ugomvi.

Kila komenti ipe fungu moja kuu: malipo na ushuru, ajira na zabuni, fidia na ardhi, mazingira (vumbi, maji, milipuko), ubora au mahali pa mradi, nia ya kampuni, lawama kwa viongozi na halmashauri, pongezi, na yasiyohusu. Kisha safu ya pili yenye jibu la ndiyo au hapana: je, hili ni swali? Na ya tatu: je, lilijibiwa? Safu hizi mbili ndizo zitakazokuokoa mbele ya bosi, nitakueleza.

Usifanye peke yako. Watu wawili wapange komenti zilezile 100 bila kuangaliana, kisha mlinganishe. Mkikubaliana chini ya 80, tatizo kwa kawaida ni maelezo ya mafungu, si watu. Mgongano wa kawaida ni kati ya "nia ya kampuni" na "malipo": "mnatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa" iko wapi? Wekeni kanuni: ikitajwa pesa, kazi au ardhi inaenda huko, isipotajwa inabaki kwenye nia. Na mmoja wa hao wawili awe mtu wa hapa, ikiwezekana asiye mwajiriwa wenu.

Jambo hili la mtu wa hapa nalisisitiza kwa sababu ya programu za kompyuta zinazouzwa kupima hisia za wateja. Kwa Kiswahili bado zinateleza vibaya, na kwa kejeli ya pwani ndiyo kabisa. "Hongereni sana kwa kutukumbuka, Mungu awazidishie" itahesabiwa pongezi. Mtu wa Lindi akiiona chini ya picha ya mkurugenzi aliyekata utepe kwenye darasa moja, anajua ni nini. Dalili mbili husaidia: pongezi iliyopita kiasi kwa kitu kidogo, na emoji ya kucheka mwishoni. Hata hivyo msiione kejeli kila mahali. Pongezi fupi isiyo na pambo, "asanteni kwa madarasa", mara nyingi ni ya kweli.

Mkimaliza, mtaona pengine kwamba komenti kuhusu ubora wa mradi ni chache kuliko mlivyoogopa. Lakini zisomeni moja moja, kwa sababu ndizo zenye ukweli unaopimika. Madarasa mawili kwa kiwango cha wanafunzi 45 kwa chumba ni watoto 90. Kwa dawati la watoto watatu, yanahitajika madawati 30. Kwa vyoo, kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25; nusu kwa nusu, hao 90 wanahitaji matundu matatu ya wasichana na mawili ya wavulana. Mlikabidhi nayo? Na je, pale shuleni palikuwa na boma lililoanzishwa kwa nguvu za wananchi, limefika kwenye lenta likaachwa bila bati, ninyi mkajenga jipya pembeni kwa sababu linapendeza kwenye picha? Hilo linaudhi kuliko kutojenga kabisa. Kila kaya ilichanga pale, mawe na mchanga walisomba wenyewe, na sasa boma lao linaota majani ubavuni mwa kibao chenye nembo yenu.

Visima vina ugonjwa wake. Karibu na bahari kisima kirefu kinaweza kutoa maji ya chumvi, na pampu ya sola ikifungwa kwenye kisima chenye mchanga haidumu. Kama mradi haukupitia RUWASA (wakala wa maji vijijini) na haukukabidhiwa kwa chombo cha watumia maji cha eneo hilo chenye akaunti na bei ya ndoo, siku pampu ikifa hakuna mwenye jukumu. Kibao kinabaki kinasema "umefadhiliwa na", na picha ya kibao hicho itarudi kwenye ukurasa wenu kila mtakapoposti jambo jipya.

Sasa cha kufanya, na nianze na kigumu. Tangazeni malipo yenu. Barua iende kwanza kwa mkurugenzi wa halmashauri, mkiomba kulinganisha takwimu na mweka hazina wake kabla ya kitu chochote kutoka hadharani. Hapa ndipo mambo mengi yanapokwama: halmashauri inaogopa kuulizwa pesa zilifanya nini, nanyi mnaogopa kuikwaza. Msiikwepe kwa kuposti kwa kushtukiza. Mtakuwa mmejitengenezea adui anayesaini vibali. Pendekezeni tangazo la pamoja lenye safu mbili, kilicholipwa na kilichofanyiwa, libandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji, kisha ndipo liende mtandaoni. Mkurugenzi akikataa safu ya pili, ninyi bado mna haki ya kutangaza ya kwanza, kwa sababu ni malipo yenu wenyewe. Kwa kampuni kubwa za madini, mafuta na gesi baadhi ya takwimu hizi hutoka tayari kwenye ripoti za TEITI (taasisi ya uwazi katika madini, mafuta na gesi), chini ya sheria ya uwazi ya 2015. Kuzificha kijijini wakati ziko kwenye ripoti ya taifa hakuna maana.

Maandishi ya tangazo yawe makavu. Kwa mfano:

"Januari hadi Juni tumelipa: ushuru wa huduma kwa Halmashauri ya Wilaya, shilingi ___, stakabadhi namba ___. Mrabaha kwa serikali kuu, shilingi ___. Fidia: kaya ___ zimelipwa, kaya ___ bado, sababu ni ___. Mpango wa CSR wa mwaka huu uliokubaliwa na halmashauri ni shilingi ___, zimetumika ___. Madarasa mawili ya Shule ya Msingi ___ yamo kwenye mpango huo na yamegharimu shilingi ___ pamoja na madawati 30. Mpango wote unapatikana ofisi ya kijiji."

Hakuna "upendo", hakuna "kuunga mkono juhudi". Mstari wa kaya ambazo bado hazijalipwa usiuondoe, hata mwanasheria akikunja uso. Wenye mikorosho iliyokatwa wanajijua, na jirani zao wanawajua. Tangazo lisilowataja litaonekana limeandikwa ili kuwaficha.

Ajira zinahitaji uangalifu zaidi ya tarakimu. Mkiandika "asilimia kadhaa ya wafanyakazi wetu ni wenyeji" mtachekwa, kwa sababu barua ya utambulisho ya mtendaji inapatikana kwa yeyote aliyepanga chumba mwezi mmoja. Fafanueni mwenyeji ni nani, kwa mfano aliyekuwa kwenye rejista ya kijiji kabla ya mwaka wa leseni. Kisha tenganisheni wenye mikataba ya kudumu, vibarua, na walioajiriwa kupitia wakala, kijiji kwa kijiji. Nafasi zibandikwe siku ileile kwenye vijiji vyote; zikipitia kwa mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, patasemwa zinauzwa.

Kujibu komenti: ndani ya siku mbili za kazi, kwa namba na tarehe, mtu mmoja akiwa na mamlaka ya kujibu bila kusubiri sahihi tano. Swali moja likiulizwa mara thelathini, lijibuni vizuri mara moja, libandikeni juu. Futeni matusi dhidi ya mtu binafsi, namba za simu, uchochezi wa kabila au dini, mengine yaacheni. Msiwatishe watu kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kifungu cha taarifa za uongo ni kizito kweli, faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu au vyote, na ndiyo maana kampuni ikikitaja kwa kijana aliyeuliza ushuru, swali linageuka kutoka "mnalipa?" kuwa "mnaficha nini?"

Halafu pelekeni orodha ya maswali kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria ni kila baada ya miezi mitatu. Ombeni nusu saa kwenye ajenda, msiitishe wa kwenu wenye fulana na pilau, maana huo watu wanahudhuria pilau. Epukeni Oktoba hadi Desemba saa za mchana, watu wako kwenye mikorosho au wanasubiri malipo ya mnada. Kaeni na wanawake peke yao baada ya mkutano. Mbele ya wazee wengi wao hawataongea kuhusu maji na vumbi. Andikeni maswali kwa mafungu yaleyale ya mtandaoni, mlinganishe. Jambo likiongoza kote kuwili, hilo ndilo la bajeti ijayo. Likiwa mtandaoni tu, lijibuni mtandaoni. Likiwa kijijini tu, na vumbi mara nyingi huwa hivyo, hilo mngelikosa kabisa kama mngesoma Facebook peke yake.

Kwa bosi wako, peleka zile safu mbili. Mwambie komenti mia tatu zilikuwa na maswali mangapi, na yaliyojibiwa ni mangapi. Bila shaka la pili litakuwa karibu na sifuri. Pendekeza kipimo kiwe idadi ya maswali yasiyojibiwa kila robo mwaka, si idadi ya pongezi, kwa kuwa pongezi zinanunulika kwa fulana na vocha. Na kama bado anataka kufunga maoni, mweleze yatakakohamia: kwenye magrupu ya kata, ambako picha zenu zitasambaa bila maelezo yenu na ninyi hamtakuwa na pa kujibu.

Tangazo la malipo litoke angalau mwezi mmoja kabla ya makabidhiano mengine yoyote. Yakitoka pamoja wiki ileile, watu wataangalia hundi ya mfano tu.